Muulize Mama Mwalimu: Ngome ya Yesu na neno gereza

Katika toleo lililopita niligusia safari yangu ya Mombasa ya mwaka 2019, nikasema kwamba kuta za Ngome ya Yesu ndizo zilizonionyesha lilikotoka neno gereza. Nilidhani nimepita tu. Barua zimekuja, za karatasi na za simu, kwa hiyo mwezi huu ukurasa wote ni wa ngome. Nimechagua nne. Nilifundisha historia miaka 34 hapa Lubumbashi, na miaka hiyo yote nilikuwa nikiichora ngome hii ubaoni kwa chaki bila kuwahi kuiona. Nilipoiona, nilikuwa tayari kwenye pensheni.

*Jambo Mama Mwalimu. Niko nasoma mwaka wa tano wa sekondari, naishi hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Nilimwonyesha nkambo wangu, mzee wa nyumbani, picha ya Ngome ya Yesu kwenye simu, akakasirika: "Nyumba ya mizinga, wanaipaje jina la Bwana?" Nikakosa jibu. Nani aliipa jina hilo? – Mwanafunzi, komini ya Kenya*

Mwanangu, mpe nkambo wako salamu zangu, umwambie kwamba walioipa ngome jina hilo hawakuona aibu hata kidogo. Wareno walivuka bahari na msalaba umechorwa kwenye tanga. Walikotua walisimamisha nguzo ya mawe yenye msalaba. Ya Vasco da Gama iko Malindi hadi leo. Kwao mfalme, biashara ya viungo na dini vilikuwa mzigo mmoja, umefungwa kwa kamba moja. Walipoanza kujenga Mombasa mwaka 1593 ngome wakaiita Jesus, na zile pembe zake nne zinazotokeza nje ili mizinga ipige kila upande wakazipa majina ya watakatifu: Filipe, Alberto, Mathias na Mateus. Filipe lilikuwa pia jina la mfalme wao, Filipe wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo Ureno nayo ilikuwa chini yake. Aliyechora ramani ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, fundi mkuu wa ngome za Wareno katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1596 kazi kubwa ilikuwa imekwisha.

Waliijenga kwa hofu. Tangu Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Mombasa haikuwataka. Mwaka 1505 waliuchoma moto mji, ukasimama tena. Katika miaka ya 1580 akaja Mturuki mmoja, Amir Ali Bey, mara mbili, na watu wa Mombasa wakampokea kama ndugu. Mara ya pili, mwaka 1589, alijikuta katikati: baharini meli za Wareno kutoka Goa, makao yao kule India, na ng'ambo ya maji jeshi la Wazimba lililokuwa limepanda kutoka kusini. Mji ukaangamia. Ndipo Wareno wakamleta shehe wa Malindi, rafiki yao wa siku nyingi, wakamkalisha Mombasa, na wakaanza kuchimba msingi.

Lakini kisa ninachotaka umsimulie nkambo wako ni cha kijana mmoja. Baba yake, Hassan bin Ahmed, alikuwa sultani wa Mombasa. Aligombana na kapitani wa ngome, na mwaka 1614 akauawa kwa mpango wa Wareno. Mtoto wake, Yusuf, akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akaoa Mkristo. Kisha wakamrudisha Mombasa awe mfalme wa Kikristo juu ya mji wa Kiislamu, chini ya ngome ya watu waliomuua baba yake. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake. Kapitani Pedro Leitão de Gamboa akauawa, na baada yake Wareno wa mjini, na Waafrika waliokuwa wamebatizwa pia. Yusuf akarudia dini ya baba zake. Mwaka uliofuata meli zilitoka Goa kuja kumtoa, zikashindwa, zikaondoka. Yeye mwenyewe baadaye akaiacha ngome akaingia baharini, akawa haramia. Wareno walirudi Agosti 1632, wakakuta geti halina mlinzi.

Nilipokuwa nikifundisha kisa hiki darasani palikuwa na Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu kwenye benchi moja, na kila mara palikuwa kimya. Hakuna upande unaotoka pale na mikono safi. Nkambo wako ana haki ya kukasirika.

Sasa lile neno. Ndani ya ngome walijenga kanisa, na kwa Kireno kanisa ni *igreja*. Wanaisimu wengi wanaeleza kwamba midomo ya Waswahili ilililainisha likawa gereza, na likaishika ngome yote. Ukienda Kilwa Kisiwani, utakuta ngome kongwe inaitwa Gereza. Baadaye Waingereza wakaifanya ngome ya Mombasa jela, kuanzia 1895 mpaka 1958, na neno likamalizia safari yake hapo: kutoka altare hadi ukutani, kutoka ukutani hadi kwa mfungwa. Sisi huku tuna boloko kwa mambo madogo na gereza kwa makubwa. Tangu niliporudi, kila redio inapotaja gereza la Kasapa, mimi nasikia kengele ya kanisa.

*Mama, mimi nilipiga miaka 29 chini ya ardhi, jiwe nalijua. Umeandika kwamba ngome ni ya "mawe ya bahari". Jiwe la bahari linabeba mzinga? Walichimba au walijenga? – Mzee wa pensheni, Katuba*

Mzee wangu, yote mawili, na wewe ungeifurahia kuliko mimi.

Jiwe lenyewe ni matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya maji zamani sana, bahari ikashuka ikayaacha nje yakakauka. Ngome imekaa juu ya mwamba huohuo. Upande wa nchi kavu wamechonga handaki refu mwambani kuzunguka ukuta, na jiwe walilolitoa chini wakalipandisha juu. Kwa hiyo unaposimama ndani ya handaki ukatazama, huoni vizuri mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Kuna na njia ya chini, imekatwa mwambani kuelekea baharini, wanaiita njia ya matao, mashua zilikuwa zikishusha mizigo hapo bila adui wa upande wa mji kuona. Wewe ungepita mle mkono ukiwa juu ya dari, kama ulivyozoea.

Saruji yao ni chokaa. Matumbawe hupangwa juu ya magogo, yanachomwa, yanamwagiwa maji, yanaachwa yalainike. Sisi tunachoma udongo wa kichuguu tupate tofali. Wao wanachoma mwamba wapate kinachoshika mwamba. Mafundi wengine waliletwa kutoka Goa, na vibarua walitoka Malindi.

Kuhusu mzinga: jiwe hili lina matundu, kama mkate uliochachuka vizuri. Risasi ya mzinga ikigonga jiwe gumu, jiwe linapasuka na vipande vinaua watu. Ikigonga tumbawe, jiwe linameza. Mlinzi mmoja mwenye umri kama wako alinichukua kidole akakiingiza kwenye tundu la ukuta wa upande wa bahari. Kulikuwa na gamba la konokono wa bahari ndani, zima, nyeupe, dogo kama ukucha wa mtoto. Lilikuwa pale kabla ya Wareno, kabla ya mtu yeyote. Nilikaa na kidole changu humo muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

*Mama Mwalimu, kwa heshima. Ninyi wazee munatusifia kuta za wakoloni. Hiyo ngome ilijengwa kwa kututawala. Kwa nini mtu wa Lubumbashi atumie makuta yake, pesa zake, kwenda kuiangalia? – Kijana wa chuo kikuu*

Mwanangu, nitakujibu kwa hesabu.

Tarehe 13 Machi 1696 meli za Oman zilitia nanga Mombasa. Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, alitaka kuwang'oa Wareno pwani yote. Ndani ya ngome waliingia Wareno wachache, hawakutimia 100, pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao, na wake zao na watoto wao. Mazingiwa yale, yaani ngome kuzungukwa na adui, yalikaa miezi 33. Fikiria mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza: siku ya mwisho alikuwa akitembea na kusema. Njaa ilikuja, lakini ugonjwa ndio uliomaliza watu. Mpaka Agosti 1697 kapitani naye alikuwa ameshakufa. Ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mtu wa kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50.

Jumlisha. Watu 76, na 50 ni wanawake. Walilinda ngome ile kubwa, mizinga, kuta na mageti, mpaka msaada ulipofika kutoka Goa mwezi Septemba. Vitabu nilivyosoma vinamtaja Bwana Daud kwa jina na ukoo. Wale 50 vinawahesabu tu.

Mimi nilikwenda kwa ajili yao. Nilisimama juu ya ukuta, jua la saa sita, nikajiuliza nani alichota maji, nani alikaa zamu ya alfajiri, nani alizika. Kwenye geti kuu, juu, kuna maandishi yaliyochongwa kwa Kireno ya kapitani Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27. Yanaorodhesha ushindi wake wote: mji gani alitiisha, mfalme gani alimtoza kodi. Kijana wa miaka 27 amepewa ukuta mzima wa kujisifia. Wanawake 50 hawakupewa hata kokoto. Ndiyo maana nakuambia nenda: usipokwenda wewe, atakayekwenda atasoma ya kapitani peke yake.

Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698. Waliobaki kuitetea walikuwa kapitani, askari tisa na padri mmoja. Siku chache baadaye meli za msaada zikatokea, zikaona bendera nyekundu ya Oman inapepea, zikageuza. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, mwaka uliofuata watu wa mji wakawatoa, na hawakurudi tena. Baada ya hapo ni habari ya ukoo wa Mazrui, walioitawala Mombasa karibu karne nzima na kumkatalia Seyyid Said wa Zanzibar mpaka 1837. Kati ya 1631 na 1895 ngome ilibadilisha mikono mara tisa. Ukichukua sehemu ya Wareno katika hiyo miaka yote, utaona ni ndogo kuliko jina lao.

Na jambo moja tena. Lugha uliyoniandikia imejaa ngome ile. Meza unayosomea, bendera ya shule, karata mnazocheza jioni, mvinyo wa misa: vyote vimetoka kwa Wareno vikapitia midomo ya pwani. Vikapanda na misafara, wengine wakielekea Bunkeya kwa mfalme Msiri kutafuta shaba na pembe za ndovu, wengine Maniema, mpaka vikatufikia sisi. Hukuvichagua, lakini ni vyako.

*Jambo Mama. Mimi naenda Dar kila mwaka kununua viatu na vikwembe Kariakoo. Mwaka huu nataka kupanda mpaka Mombasa na binti yangu mkubwa, tuione hiyo ngome. Utuambie njia, na tukifika tuanzie wapi. – Mama mchuuzi, Kamalondo*

Mama mwenzangu, barua yako nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa wewe utakwenda kweli.

Mpaka Dar hunihitaji: Kasumbalesa, Zambia yote, Nakonde na Tunduma, unaijua kuliko mimi. Ongeza tu siku moja ya akiba. Basi letu liliharibika baada ya Mpika, tukalala kando ya barabara, na mama mmoja aliyekuwa na ahadi ya mzigo Dar akalia usiku kucha. Kadi ya njano ya chanjo usiiweke kwenye sanduku, ikae mwilini. Masharti ya kuingia Kenya uulizie kabla hujatoka Lubumbashi. Kongo tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini kanuni za mipakani hubadilika, usiende kwa maneno ya watu wa stendi.

Kutoka Dar chukua basi la asubuhi linalopitia Tanga. Mpaka ni Horohoro upande wa Tanzania, Lunga Lunga upande wa Kenya. Mnaingia Mombasa kutoka kusini, kwa hiyo mtavuka maji kwa feri ya Likoni. Anayevuka kwa miguu halipi kitu. Shika mkono wa binti, watu ni wengi kama soko la komini yetu ya Kenya siku ya mkesha wa Noeli. Ukishuka upande wa kisiwa, tuktuk itakufikisha ngomeni. Elewana bei kabla hujakaa. Geti liko mwisho wa barabara ya Nkrumah, ubavuni mwa Mji wa Kale.

Ngome ni jumba la makumbusho tangu 1960, na UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Hufunguliwa asubuhi, hufungwa jioni. Kumbuka saa ya Mombasa inatangulia ya kwetu kwa saa moja. Mimi siku ya kwanza sikugeuza simu yangu, nikafika wanafunga, na nilikuwa nimetoka Lubumbashi. Kiingilio cha watu wa Afrika Mashariki ni tofauti na cha wageni wa mbali, basi onyesha pasi zenu mapema. Nendeni asubuhi, ile saa ya kufungua. Saa sita jua linapiga chokaa mpaka macho yanauma. Viatu vya chini, maji ya kunywa, kitambaa cha kichwa.

Mwongozaji ni muhimu, hata kama utakaa naye saa moja tu. Yule wetu alitusikia tukichanganya Kifaransa kidogo, akaanza kutueleza kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Baba, sema na sisi Kiswahili." Akasimama. Akatuangalia mmoja mmoja. "Kongo?" "Lubumbashi." Akacheka kwa furaha, akafunga mkono wangu ndani ya mikono yake miwili, kisha akaanza upya kabisa, kwa Kimvita chake cha taratibu, na mambo aliyotuambia kuanzia hapo yalikuwa mengine. Yeye anasema *ndoo*, yaani njoo, pale sisi tunaposema *kuya*. Ugali yeye anauita sima, sisi bukari. Tulielewana kila neno.

Msianzie kwenye mizinga, ingawa binti atataka picha nayo. Anzieni na nyumba ya Waomani, mtazame milango. Kisha ingieni chumba cha maonyesho. Kuna vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, katika mazingiwa yale niliyomweleza kijana; iliitwa Santo António de Tanná, na wazamiaji waliifanyia kazi kuanzia 1977. Msikimbie hapo. Halafu ulizeni ulipo ukuta wa michoro. Wareno waliokaa zamu waliuchora plasta kwa makaa na udongo mwekundu: meli nyingi, samaki, watu wamevaa chuma, na kinyonga. Nakuambia Mama, nilimtazama yule kinyonga kuliko vyote. Mtu yuko mbali na mama yake, anaogopa homa, hana la kufanya, anamwona kinyonga anapita ukutani polepole, anaokota kaa la moto.

Mkitoka, geuzeni kulia au kushoto, popote, mradi muingie Mji wa Kale kwa miguu. Msikiti wa Mandhry una zaidi ya miaka 400. Wauza kahawa wanapita na birika la shaba na vikombe vidogo. Kunywa chungu, na kashata pembeni. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa vitambaa: pale wanachokiita leso ndicho Dar wanachokiita kanga, na leso nalo ni neno la Kireno. Usinunue kwenye duka la kwanza lililo mbele ya ngome. Ingia ndani zaidi, watandike, usome maandishi ya kila moja kabla hujauliza bei, na umwache binti achague lake.